Programu ya Murni

Tahunan, Jepara
3 Machi 2004

Kwa Mbak Murni,

Nakuita Mbak, kama dada mkubwa, kwa sababu sijapata neno jingine la kumwita mwanamke aliyewahi kulala chumba ninacholala mimi. Mimi ni Wening, mke wa Darsono. Najua unanijua. Huku sote wazima, na ninaomba barua hii ikukute mzima pia.

Sitazunguka. Mwezi uliopita tulisakinisha programu mpya ya barua pepe kwenye kompyuta ya ofisi. Ile ya zamani, uliyoiweka wewe, bado imo. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta zinafunguka zote mbili, zinagombana, na kompyuta inaganda. Ya zamani inadai neno la siri. Nikikataa, inadai tena. Juzi nilivuta alama yake nikaitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, nikafurahi kweli. Kesho yake ikajifungua kama vile hakuna lililotokea.

Fundi wa mjini anasema kuiondoa ni kazi ndogo, lakini hataki kuigusa. Barua zote za wanunuzi za miaka sita zimo humo, na zikipotea hataki lawama. Nilipochungulia faili zake nikakuta folda zako hazina majina ya wanunuzi. Zina majina ya siku za soko: Pon, Wage, Kliwon, Legi, Pahing. Meza za Mdachi ziko wapi humo? Vitanda vya Mfaransa viko wapi?

Naomba uniandikie neno la siri na namna ya kuiondoa programu hiyo bila kupoteza kitu. Andika kwa karatasi, usitume kwa kompyuta. Mas Darsono hajui kama nakuandikia. Anwani yako nimeikuta nyuma ya bahasha ya mahakama.

Wako kwa heshima,
Wening


Kudus
8 Machi 2004

Bi Wening,

Usiniite Mbak. Mama yangu alizaa wasichana wawili tu na wote nawajua.

Umesema nakujua. Nakujua sana. Wewe ndiye yule binti wa kipimo, uliyekuwa ukitumwa na wakala wa Semarang na kile kidude cha sindano mbili, unachoma mbao zetu kuona kama zimekauka. Ulikuja kupima unyevu wa mbao ukaishia kumpima mume wa mtu. Na hongera, maana naona kipimo kilisoma vizuri.

Lakini mimi si mtu wa kuacha kazi yangu iharibiwe na asiyejua. Ulichotupa kwenye pipa ni kibao cha mlangoni, mama. Mwenye nyumba bado yumo ndani, anakutazama. Programu haiondolewi kwa kutupwa alama yake. Na ukienda kwa pupa ukafuta folda yake nzima, barua zitakwenda nayo, na wanunuzi wako watakuuliza habari za makabati usiyoyajua hata miguu.

Fanya hivi. Kwanza nakili folda ya barua yote kwenye diski, diski iweke kabatini, si juu ya meza ambapo vumbi la msasa litaila. Pili, fungua programu mpya na uiamuru ichukue barua na anwani kutoka ile ya zamani. Usiikatize hata ikichukua saa nzima. Tatu, hesabu: barua za huku zilingane na za kule, folda kwa folda. Fungua chache zenye michoro uone kama michoro imekuja, maana barua bila mchoro ni salamu tu. Nne, iambie kompyuta kwamba programu mpya ndiyo kuu. Halafu ngoja wiki moja. Ukiona hakuna kilichopungua, niandikie, nitakuambia hatua ya mwisho. Sikuambii leo kwa sababu watu wenye haraka nawajua.

Siku za soko si uchawi. Mafundi wa vijijini huleta kazi siku ya soko la kwao. Meza za Mdachi walichonga watu wa Pahing, kwa hiyo Mdachi yuko Pahing. Mfaransa yuko Wage. Darsono angekuambia mwenyewe, kama mngekuwa mnazungumza.

Neno la siri ni jina la kijiji alichozaliwa Darsono pamoja na mwaka tuliooana. Kijiji unakijua. Mwaka kamuulize.

Murniati


Tahunan
12 Machi 2004

Mbak Murni,

Nitaendelea kukuita hivyo, wewe ukasirike tu. Mama yangu alinifundisha adabu na sijapata sababu ya kuiacha.

Sikumuuliza yeye mwaka. Nilimuuliza mama mkwe. Akanitajia mwaka, siku, wapishi, na rangi ya kebaya uliyovaa. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Siku ya harusi yangu mimi anakumbuka kwamba mvua ilinyesha.

Nimenakili. Nimehamisha. Nimehesabu: elfu nne mia mbili na kumi na nane huku, elfu nne mia mbili na kumi na nane kule. Michoro imekuja yote. Programu mpya sasa ndiyo kuu. Nakiri umepanga kazi yako vizuri. Hata barua ya mtu aliyeuliza bei asirudi tena umeiweka mahali pake. Ilinichoma roho kuona hivyo.

Sasa nikuambie ukweli, kwa sababu leo ni Ijumaa na nimeuona tena kwa macho yangu. Kompyuta kuganda si shida yangu. Mtu anaweza kuishi na kompyuta inayoganda.

Ijumaa karakana imefungwa, unajua. Akitoka msikitini anaingia ofisini, anafunga mlango, anafungua programu yako. Si mpya, ni yako. Anakaa nusu saa. Nikipita dirishani namwona ameegemeza kidevu kwenye ngumi, hasogezi kipanya. Nikiingia na kahawa anaifunga haraka na kuniuliza kama mafundi wa sandapepa wamelipwa, wakati anajua wamelipwa Alhamisi. Nilipomwambia tuiondoe, ilikuwa mara ya kwanza kunipazia sauti tangu tuoane. "Usiiguse! Unasikia? Hiyo iache!" Halafu akaona haya, akaninunulia samaki sokoni, akanipikia mwenyewe mchuzi wa pindang serani.

Nina wivu, Mbak. Nakuandikia wazi kwa sababu huku sina wa kumwambia. Nimepoteza kazi yangu na mji wangu kwa ajili ya mtu huyu, na kila Ijumaa ananitoka nusu saa. Umemwandikia nini humo?

Wening


Kudus
15 Machi 2004

Bi Wening,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nilisoma nikicheka peke yangu mpaka watu wa ofisini wakaniuliza nimeshinda nini. Siwezi kukudanganya, ilininogea. Nilijiona nimekaa ndani ya kompyuta hiyo, nimevaa kebaya, nakutazama ukipita dirishani na kahawa yako.

Ya pili sikucheka. Mimi sikuwahi kumwandikia Darsono hata mstari. Mtu mnalala mkeka mmoja, unamwandikia nini? Tukitaka kugombana tuligombana jikoni. Barua za mle ndani ni za wanunuzi, za wenye misitu, na za kampuni ya meli. Basi anasoma nini?

Umemwona Hanneke? Karani wa Mdachi. Anamaliza kila barua kwa alama tatu za busu, mstari mzima wa bawaba na kufuli halafu busu, busu, busu. Nilipokuwa huko niliwahi kumuuliza Darsono, akasema ndivyo Wadachi wanavyopumua. Hata mwenye malori aliandikiwa busu. Lakini sasa sijui. Nusu saa ni ndefu. Tafuta barua zake zote, tangu ya kwanza, uone kama kuna mahali ameacha habari za bawaba.

Usidhani nakusaidia. Mimi nataka kujua tu. Kama nilitupwa kwa sababu ya binti wa kipimo nilishajizoesha. Kama kulikuwa na mwingine tangu zamani, na mimi na wewe wote tulikuwa wajinga, basi nitaanza kukasirika upya, na umri wangu hauruhusu.

Murniati


Tahunan
20 Machi 2004

Mbak Murni,

Hanneke hana hatia. Nimesoma barua zake zote mia tatu na tisa. Ana mume, mbwa wawili, na goti bovu. Busu ni zake za kawaida. Hata mimi kaniandikia juzi akinilalamikia droo zilizovimba, akanibusu mara tatu.

Wiki imepita na hakuna kilichopungua, kwa hiyo jana asubuhi, yeye akiwa kwenye tanuru ya kukaushia mbao, nikasema niifunge programu yako kwa utaratibu nikisubiri hatua yako ya mwisho. Siku zote ilikuwa ikiganda, nikaizima kwa kuzima kompyuta yenyewe. Jana ilitulia. Nikaenda kwenye menyu, nikabonyeza Funga.

Haikufungika. Kikatokea kidirisha katikati kimeandikwa: "Kuna barua 1 ambayo haijatumwa. Unataka kuituma sasa, kabla ya kufunga?" Chini yake Ndiyo, na Hapana.

Nimeogopa kubonyeza chochote. Nikachomoa waya wa umeme, kosa ambalo najua utanisema. Barua hiyo haimo katika zile elfu nne nilizohesabu, maana programu mpya ilichukua zilizoingia na zilizotoka tu. Hii haijaingia wala haijatoka. Ni yako? Ni ya mnunuzi? Nibonyeze nini?

Wening


Kudus
23 Machi 2004

Dik Wening, mdogo wangu,

Natumaini umelala vizuri na kahawa yako ya asubuhi imekupendeza. Kuhusu kidirisha hicho, wala usihangaike. Nimekumbuka. Ni barua ya kawaida ya kazi, kwa kampuni ya bima ya meli, ya zamani sana. Niliiandika siku ya radi. Unajua huko tukisikia radi tunachomoa waya wa simu kwenye modemu isije ikaungua, kwa hiyo ilibaki inasubiri.

Lakini isipotumwa programu haitaondoka vizuri, itaacha mabaki, na mabaki huharibu ile mpya. Kwa hiyo unganisha simu, bonyeza Ndiyo, iache iende. Huna haja ya kuifungua. Ni maneno ya bima tu, yatakuchosha.

Nakutakia kila la heri, wewe na nyumba yako. Niandikie ukishaituma, siku hiyo hiyo kama unaweza.

Dada yako,
Murni


Tahunan
27 Machi 2004

Mbak Murni,

Siku zote umeniita Bi, mama, na binti wa kipimo. Siku uliyoniita mdogo wako nikajua kuna jambo. Nimefanya kazi ya ukaguzi miaka mitano, Mbak. Ubao unaong'aa kuliko wenzake ndio ninaouchoma sindano kwanza.

Nimeifungua. Ni ya tarehe 17 Januari 2002, na imeelekezwa kwenye anwani ya ofisi hii hii. Naiandika hapa yote usije ukasema nimeongeza:

"Mas, radi inapiga na mama yako amelala. Naondoka kabla hujarudi kutoka tanuruni. Karatasi siachi, mama ataiokota. Hii utaiona Jumamosi ukifungua barua za Mdachi. Niliyoyasema jana mbele ya mafundi kuhusu yule binti wa kipimo ni uongo. Najua hukumgusa. Nilikuwa naona wivu anavyocheka na wewe juu ya mbao, mimi nikiwa ofisini na mashine. Niko kwa mama yangu. Njoo Jumapili unichukue. Njoo mikono mitupu, usitafute zawadi. Begi sitalifungua. M."

Bima ya meli!

Sijui nianze wapi. Najua kwamba mke aliyerudi kwao kwa hasira hajirudishi mwenyewe, hufuatwa. Najua pia kwamba hakuja, kwa sababu mama mkwe ameniambia. Kwa miezi mitano Mas Darsono alikuwa akisema, "Amenitukana mbele ya watu kwa kosa ambalo sikulifanya. Akiniandikia hata mstari mmoja, naenda." Kompyuta wakati huo hakuwa akiijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukiunganisha simu. Ulipoondoka alikuwa akienda kusoma barua za wanunuzi kwenye duka la intaneti mjini, na waya wako haukurudishwa kwenye modemu mpaka tulipoweka programu mpya. Halafu ikaja bahasha ya mahakama.

Sasa nikuambie na mimi yangu. Maneno uliyoyasema mbele ya mafundi yalifika Semarang kabla yangu. Wakala akaniambia nipumzike, na mapumziko hayo hayakuisha. Baba yangu hakusema nami kwa mwaka mzima. Mas Darsono alikuja kuniomba radhi kwa jina lako, tukaanza kuzungumza, na ndiyo, mwaka uliofuata akanioa. Mpaka leo nikipita barabara ya Tahunan wanawake wa kupiga vanishi wananong'ona, "Huyo, mwizi wa mume." Na wewe ulijua! Ulijua siku hiyo hiyo, ukaandika kabisa, ukabonyeza, ukaondoka na begi lako.

Halafu ukataka nibonyeze Ndiyo kwa mkono wangu mwenyewe, ili barua hiyo imfikie mume wangu, na mimi nidhani nimetuma bima.

Wivu wako ni mchafu kuliko wangu. Wangu angalau uliuliza.

Wening


Kudus
1 Aprili 2004

Wening,

Kila ulichosema ni kweli. Sina la kujitetea, nina la kusimulia tu.

Nilibonyeza Tuma. Niliona kidirisha kikijifunga. Sikukumbuka kwamba waya nimeuchomoa kwa mkono wangu dakika kumi kabla, kwa sababu nilikuwa nalia na radi ilikuwa inapiga. Nikaenda kwa mama. Jumapili ile nilioga mara mbili. Jumapili iliyofuata nilikaa sebuleni na begi miguuni, mama akanipitia akiniuliza kama nasubiri treni. Nilikaa hivyo Jumapili ishirini na moja, Wening. Nilijua ameisoma, nikajua ameamua kutokuja. Mtu uliyemwomba hivyo, na hata mikono mitupu asije, utamfanya nini? Nilimchukia. Nikaenda mahakamani nikasema sitaki tena. Hakimu alimuuliza yeye kama ana neno, akasema hana.

Ulipoandika habari za kidirisha nilikaa chooni ofisini mpaka wakanigongea. Miaka miwili nilikuwa nimemchukia mtu kwa barua ambayo hakuipata. Na wewe ukaichukua nafasi yangu bila hata kusukuma mlango. Nilitaka aijue. Nilitaka aje hapa Jumapili, hata kwa mara moja, akiwa amechelewa miaka miwili, na wewe ubaki huko na kompyuta yako mpya. Ndivyo nilivyotaka. Nilipiga pasi nguo.

Barua yako ikafika. Nimesoma mstari wa baba yako asiyesema nawe mwaka mzima. Mstari huo umenishinda.

Kwa hiyo fanya hivi, na safari hii hakuna uongo. Kwanza, barua ile itoe kwenye karatasi. Wapelekee wanawake wa vanishi wasome, mpelekee baba yako. Jina langu limo chini, litaaminika. Halafu rudi kwenye programu, nenda kwenye sanduku la barua zinazosubiri kutoka, ifute. Ifute na kwenye zilizofutwa, maana hukaa huko zikisubiri mtu kubadili nia. Ifunge programu. Haitauliza tena kitu. Fungua sehemu ya kudhibiti kompyuta, mahali pa kuongeza na kuondoa programu, tafuta jina lake, bonyeza Ondoa. Itakuuliza kama una hakika. Itauliza pia kama ifute na barua za mtumiaji. Hapo sema Hapana, mpaka umehakikisha diski ya kabatini inafunguka. Halafu zima kompyuta, iwashe upya, na uangalie kama inafunguka moja tu.

Usimwambie. Nakuomba. Si kwa ajili yangu.

Murni


Tahunan
10 Aprili 2004

Mbak Murni,

Nilimwambia. Sikuweza kukaa na jambo hilo ndani ya nyumba kama mtu aliyeficha paka.

Jana alipotoka msikitini nilimkuta ofisini, nikafunga mlango mimi. Nikamwambia, "Mas, kuna barua humo haijatumwa. Nimeisoma."

Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta vumbi kwa ncha ya sarungi. "Wiki ya tatu baada ya harusi yetu," akasema. "Nilikuwa natafuta mchoro wa kabati la Mfaransa. Nikaifunga, ikaniuliza."

"Na ukabonyeza Hapana."

"Ningebonyeza nini?"

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa inauliza, Wening. Kila Ijumaa nasema Hapana, nakuja kula na wewe. Ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka uifute!"

"Nilishindwa," akasema. "Kumfuata nilishindwa, na kumfuta pia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nusu saa yote hiyo, Mbak, nilikuwa nadhani anasoma mapenzi. Alikuwa anasoma Jumapili ambayo hakwenda. Nilimuonea huruma, na papo hapo nikaona wivu juu ya huruma, sijui kama mtu mwingine amewahi kuuhisi mchanganyiko huo.

Nikampa barua yako ya tarehe mosi aisome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye Jumapili ishirini na moja alirudia. Akauliza, "Yeye ndiye aliyesema ifutwe?" Nikasema ndiyo, na hatua zote kaandika. Akasema, "Nisomee." Nikasimama nyuma ya kiti chake nikamsomea hatua zako moja moja, kwa sauti yangu, na yeye akafanya. Akaifuta. Akaifuta na kwenye zilizofutwa. Akafunga, haikuuliza kitu. Kwenye kuiondoa, ilipomuuliza kama ana hakika, alibonyeza Ndiyo bila kunitazama. Barua za wanunuzi ziko salama, diski inafunguka, kompyuta asubuhi hii imefunguka na programu moja tu na haikuganda.

Nakala ya karatasi sikutoa. Nilishika karatasi tayari mbele ya printa, nikafikiria wanawake wa vanishi wakiipokezana, wakisoma habari za begi lako, nikairudisha kwenye kasha. Wataendelea kunong'ona. Baba yangu nitakwenda mwenyewe, nitamwambia kwa mdomo, na kama hataniamini basi.

Jana jioni nilianza kukuandikia kwamba alicheka. Niliandika ukurasa mzima: kwamba alisema ni mambo ya kale, akapiga miayo, akaomba chakula. Ulikuwa ukurasa mzuri. Nimeuchana.

Alilia, Mbak. Kompyuta ilipomaliza kazi alilaza kichwa juu ya kibodi na akalia kwa sauti, mtu mzima, mafundi wawili waliokuja kuangalia tanuru wakasimama uani kusikiliza. Mimi hajawahi kunililia hivyo. Nilikaa karibu naye nimeshika bega lake, na nilikuwa nikijua kila chozi ni la nani. Nakuletea habari hiyo kwa sababu ni yako, na sitaki ibaki nyumbani kwangu.

Yeye anabaki. Usiniandikie tena.

Wening